Siki Iliyobaki

Atuganile alifika Sumbawanga mwezi wa Juni, wakati upepo wa milima ya Mbizi unapasua midomo na walimu wageni wanaingia darasani na makoti mawili. Alitoka Tukuyu, kwenye mvua na migomba, akapangiwa kufundisha kemia katika shule ambako mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili. Tulipewa meza moja kwenye chumba cha walimu kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Urafiki wetu ulianzia hapo, kwa kugombania droo.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ukiligusa, uso wake unachangamka. Jambo lenyewe ni maji ya moto. Siyo ya chai wala ya kuoga. Chuo kikuu alikuwa amefanya utafiti juu ya maji yanayofungiwa ndani ya chuma kinene na kupashwa mpaka yapite mbali kiwango cha kuchemka, ila hayageuki mvuke kwa sababu hayana pa kwenda.

"Maji ya namna hiyo, dada Rhoda, yanaunguza vitu bila moto," aliniambia siku moja tukisahihisha madaftari. "Chukua maji machafu yaliyochacha. Yamejaa asidi, ile ya maziwa mgando, ile ya siafu, ile ya siki. Yafungie, yapashe, yape hewa. Asidi inaungua humohumo majini, na kinachobaki ni maji na hewa kama hii tunayoitoa puani."

"Na huo moto unauona?"

"Huuoni. Moto wa mkaa uko nje, chini ya chuma. Ndani ni maji tu."

Sikuelewa sana, ila nilipenda kumsikiliza.

Tito, aliyekuja kuwa mumewe, alimpata kwa sababu ya stendi za maabara, vile vyuma vya kushikilia chupa. Zilikuwa zimevunjika miguu, mkuu wa shule akamwambia Atuganile azipeleke kuchomelewa, naye akazipeleka kwa fundi aliyekuwa na karakana kwenye barabara ya kwenda Matai. Fundi huyo alikuwa Mfipa mrefu, mpole, mwenye kovu la cheche shingoni. Alizichomelea stendi vizuri mno kiasi kwamba Atuganile alirudi kumshukuru. Akarudi tena na kitu kingine kilichovunjika. Mwishoni nilimwambia shule haina tena vya kuvunjika, aolewe tu. Walifunga ndoa kanisani mwaka uliofuata, na binti yao Asifiwe akazaliwa wakati wa mavuno ya mahindi.

Mama yake Tito, Mama Hellena, alikuwa mjane aliyeishi kijijini, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka mjini. Shamba lake liliteremka mpaka kwenye kijito. Hapo alilima kabichi na vitunguu, na ng'ombe wake wakanywa maji. Kisha mfanyabiashara mmoja akajenga kiwanda kidogo cha pombe kali upande wa juu wa kijito hicho. Kilichachusha mahindi na molasesi, kikatoa spiriti, na mabaki ya upishi yakamwagwa kijitoni yangali ya moto, meusi kama kahawa.

Nilikwenda nao Jumamosi moja kumsalimia mama. Tulimkuta amesimama ukingoni, kanga ameifunga kiunoni, anatazama chini. Samaki wadogo walikuwa wameelea matumbo juu. Kabichi za mstari wa kwanza zilikuwa zimenyauka, na ndama mmoja alikuwa amelala zizini anaharisha.

"Shikamoo, mama," Atuganile alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nusa. Wewe ndiye msomi wa maji."

Atuganile alichota kiganjani, akanusa, akagusisha ulimi, akatema.

"Ni asidi," alimwambia Tito. "Zimo nyingi, zimechanganyika. Haya ndiyo maji niliyosomea."

Tito alimtazama mama yake, akamtazama mkewe. "Basi tufanye kitu," alisema.

Meneja wa kiwanda alikuwa kijana aliyeitwa Timoth. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuagizia soda. Hakukataa kwamba mabaki yanakwenda kijitoni. Alisema mwenye kiwanda anajua, watu wa halmashauri walishafika, na kila mtu anasubiri mtu aje na njia ambayo haitafunga kiwanda.

"Mwalimu, nionyeshe maji yanaingia machafu na kutoka safi," alisema. "Nikiyaona kwa macho yangu nitampigia bosi simu mbele yako."

Hiyo ilitosha kuwawasha wote wawili.

Chuma walikipata Kasanga. Faruk, mfanyabiashara wa malori ambaye Tito alikuwa akimtengenezea mabodi, aliwaambia kwamba bandarini kuna mabaki ya meli kuukuu, yenye mabomba manene ya mvuke ambayo hayana mnunuzi. Waliteremka naye mpaka ziwani, wakarudi na kipande cha bomba ambacho watu wanne walikishusha kwa shida. Tito aliziba upande mmoja kwa kuchomelea. Upande wa pili akautengenezea kifuniko cha boliti, akaweka geji ya kupima mgandamizo na vali ya kupumulia. Hewa waliijaza kwa kompresa ya matairi. Atuganile alitia mrututu kidogo, ule wa buluu wanaopaka vidonda vya ng'ombe, akasema unaharakisha kuungua.

Alikuwa na sheria moja tu, naye aliirudia mpaka Asifiwe, aliyekuwa anaanza kusema, akaishika: chuma hakifunguliwi mpaka kipoe, mkono ukigusa usisikie joto.

Nilikuwepo walipofungua kwa mara ya kwanza, Jumapili baada ya misa. Maji waliyoyatia meusi yalitoka na rangi ya chai iliyotiwa maji mengi. Ile harufu ya kuoza haikuwepo, ilibaki nyingine ya kuchoma pua. Tito alicheka peke yake kwa muda mrefu. Atuganile alipeleka chupa maabara, akayapima kwa magadi yake na matone ya rangi, akarudi amenuna.

"Asidi ya maziwa imeungua," alisema. "Ya siafu imeungua. Nyingine zote zimevunjika. Imebaki ya siki."

"Siki tu?" Tito aliuliza. "Siki si watu wanakula?"

"Wanakula kijiko. Siyo kijito kizima. Hii ndiyo sugu kuliko zote, baba Asifiwe. Nyingine zikivunjika zinageuka kuwa hii, halafu hii yenyewe haitaki kuungua. Inataka joto kubwa zaidi."

Basi wakaanza kuifukuza siki. Walirudia wiki baada ya wiki, mkaa mwingi zaidi, mrututu zaidi, muda mrefu zaidi, na kila mara walipofungua, siki ilikuwa imebaki. Maji yaliyokwisha kupimwa Tito aliyamwaga nyuma ya karakana, penye bonde dogo la matope ambapo wafyatua tofali walichimba udongo zamani. Atuganile alikonda. Niliwahi kumshauri amwonyeshe Timoth hayo maji yalivyo, lakini hakukubali. Alisema hawezi kumpelekea mtu kazi nusu, na mama akaendelea kupoteza mifugo. Ng'ombe wa pili alikuwa ameshakufa.

Tito ndiye aliyesema kwamba kifuniko hakitoshi, kwamba atatengeneza kingine kinene, chenye boliti kubwa, ili waweze kupandisha joto bila hofu. Alikimaliza siku ambazo kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio. Atuganile alikuwa anasimamia chumba cha mtihani, mimi nikiwa chumba cha jirani. Tito hakumsubiri. Nadhani alitaka mkewe arudi akute chupa mezani na habari njema.

Waliokuwa karibu walieleza hivi. Aliwasha mkaa asubuhi na mapema, akapasha kuliko siku zote, kisha akauondoa mkaa na kuacha chuma kipoe. Karibu na saa sita alitazama geji. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Kumbe kijibomba cha kwenda kwenye geji na vali kilikuwa kimezibwa na masizi ya yale mabaki, na mshale haukuwa unasoma chochote. Chuma kilikuwa bado cha moto, lakini mshale ulisema hakuna kitu ndani, naye akauamini mshale. Alilegeza boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kifuniko kiling'oka, na maji yale, yaliyokuwa yamezuiwa muda wote kuwa mvuke, yakawa mvuke kwa mara moja.

Faruk ndiye aliyemweka kwenye gari na kumkimbiza hospitali. Mlinzi wa shule alikuja mpaka dirishani kwa Atuganile, akamwita kwa mkono. Niliona kupitia mlango jinsi alivyoweka karatasi za mtihani mezani, akazinyoosha vizuri, akatoka.

Tito aliungua uso, kifua na mikono. Walitaka kumpeleka Mbeya, daktari akasema hataimaliza safari. Aliishi siku chache. Alikuwa anasikia na kusema, ila kwa sauti ndogo, na macho yamefungwa kwa bandeji. Nilikuwa nimesimama kwenye miguu ya kitanda siku aliyomwuliza mkewe.

"Mama Asifiwe, ile siki ilitoka?"

Maji yote yalikuwa yamerukia ukutani na kukauka. Hakukuwa na tone la kupima.

"Ilitoka," Atuganile alisema. "Ilitoka yote."

"Umepima?"

"Nimepima mwenyewe."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alfajiri iliyofuata alifariki.

Tulimzika kijijini, juu ya shamba la mama yake. Kaka yake, Benjamini, aliyekuwa anafanya kazi migodini Chunya, alifika jioni ya mazishi, na kaburi limekwisha kufunikwa. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale Atuganile alipokaa na wanawake kwenye mkeka.

"Ulimuua mdogo wangu kwa mambo ya chuo," alisema. "Alikuwa anachomelea mageti. Mageti hayaui mtu."

Nilimtazama Mama Hellena nikitumaini atasema lolote, lakini alikuwa anatazama mikono yake. Benjamini alikaa mpaka arobaini bila kumsalimia shemeji yake, akafunga karakana kwa kufuli, akarudi Chunya.

Ndugu zake Atuganile walikuja kutoka Tukuyu kumchukua. Waliongea naye siku mbili. Aliwapikia, akawapa zawadi ya mahindi, akawasindikiza stendi, akabaki. Alifundisha kama kawaida. Ila aliacha kunieleza habari za kemia, nami niliacha kuuliza.

Mvua zilipita. Mwezi wa tano Benjamini alituma ufunguo kwa Faruk, akasema vifaa vya karakana vigawanywe na jengo lirudishwe kwa mwenyewe. Atuganile aliniomba niende naye. Tulifagia, tukapanga nondo, tukafunga mashine ya kuchomelea kwenye gunia. Yeye alitoka nyuma kumwaga takataka, akachelewa. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa kando ya lile bonde la matope.

Lilikuwa limejaa maji. Magugu yalikuwa yameota pembeni, na vyura waliruka tulipokaribia. Atuganile alichota kiganjani, akanusa.

"Hainuki," alisema.

"Ni maji ya mvua, mdogo wangu."

"Matope hayanuki pia." Alikuwa amezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anaukoroga udongo mweusi wa chini. "Tulimwaga humu debe kwa debe. Siku ya mwisho alimwaga humu kabla ya kupasha mengine. Hapa pangekuwa panachoma pua."

Alikwenda kwa jirani kuomba chupa. Kesho yake alipima maji na matope vilevile, na baada ya hapo akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichukua siki ya dukani, akaichanganya na maji kwenye ndoo, akatia udongo wa lile bonde, akaiweka nyuma ya maabara. Kila baada ya kipindi alikwenda kuipima. Wiki zilivyokwenda, siki ilipungua, ikapungua, ikaisha.

Alinieleza tukiwa wawili tu, chumba cha walimu kimebaki kitupu.

"Vijidudu vya kwenye matope vinaila," alisema. "Siki ni chakula chao. Ile rangi nyeusi na yale mengine magumu haviyawezi, lakini yale chuma kilikuwa kimeshayaunguza. Kilichoshindikana kwenye moto kilikuwa kazi ndogo kwa tope." Alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitenge chake. "Tulikuwa tumeshamaliza, dada Rhoda. Tangu ile Jumapili ya kwanza. Hapakuwa na haja ya joto zaidi. Hapakuwa na haja ya kifuniko kipya."

"Usingejua."

"Nilifundishwa. Mwaka wa tatu, kozi nyingine, mwalimu mwingine. Sikuwahi kuviweka pamoja."

Nilisogeza kiti changu upande wake, tukakaa hivyo mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kumwambia Mama Hellena. Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia mzee ameshapata utulivu kidogo, kwa nini amtoneshe kidonda. Alisema hawezi kula ugali wa mama na kulificha neno hilo kooni.

Mama Hellena alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Atuganile alipiga magoti, akaeleza yote kwa maneno mepesi, hakujitetea. Mzee aliendelea kuchambua. Alipomaliza kusikiliza alitupa mbegu mbovu pembeni.

"Kwa hiyo hakuwa na haja ya kukifungua kile chuma."

"Hakuwa na haja ya kukiwasha siku ile, mama."

"Na wewe ungeweza kuninyamazia."

"Ningeweza."

Maharage yalilia kwenye ungo. Asifiwe alikuwa anamfukuza kuku uani, akiita jina alilompa.

"Usimwambie Benjamini," Mama Hellena alisema mwishoni. "Yule hataweza kulibeba. Hili tulibebe sisi wawili." Kisha akamsogezea mkwewe upande mmoja wa ungo, wakachambua pamoja.

Atuganile alirudi kwa Timoth. Hakumpelekea chuma. Hakuna aliyetaka tena kusikia habari za chuma, na yeye mwenyewe asingewasha mkaa chini ya bomba lolote. Alimwomba achimbe mabwawa, moja baada ya jingine, yawekwe chokaa na matope, maji yapite polepole kabla ya kufika kijitoni. Timoth alimpigia bosi simu mbele yake, kama alivyoahidi zamani. Mabwawa yalichimbwa baada ya kuvutana kwingi. Maji yanayotoka leo bado yana rangi ya kahawa hafifu, na samaki hawajarudi wote. Lakini ng'ombe wanakunywa bila kuharisha, na Mama Hellena analima tena kabichi, ingawa si mpaka ukingoni.

Mwaka juzi Atuganile alihamishiwa Matai. Alimwomba mama mkwe waende wote, mzee akasema hawezi kumwacha Tito peke yake pale juu ya shamba. Atuganile huenda kwake kila likizo, na mimi humtembelea Matai nikipata gari.

Nilikuwa kwake mwezi wa Desemba Benjamini alipofika. Alisimama mlangoni na mfuko wa sukari na gauni la Asifiwe, amezeeka kwa haraka, kichwa kimeingia mvi. Atuganile alimkaribisha, akampa kiti, akamwita mtoto aje amwamkie baba yake mkubwa. Waliongea habari za barabara na mvua. Baadaye, mtoto alipokwenda kujaribu gauni, Benjamini aliinamisha kichwa.

"Shemeji, nataka kuuliza kitu ambacho sikuuliza siku ile."

"Uliza, shemeji."

"Aliumia sana?"

"Aliumia," Atuganile alisema. "Siku ya kwanza aliumia sana. Baadaye walimpa dawa, akawa anasikia kwa mbali. Saa ya mwisho alikuwa ametulia."

Benjamini alitikisa kichwa, akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na hasira ya kutokumuona," alisema. "Nilifika kaburi limeshafukiwa. Ile hasira nikaimwaga kwako."

"Najua."

Alikula nasi, samaki wa migebuka na ugali, akalala sebuleni, na asubuhi akapanda gari la Sumbawanga kwenda kumwona mama yake. Tulimsindikiza mpaka barabarani. Gari lilipoondoka Atuganile alibaki amesimama, mikono ameikunja kwa baridi.

"Nilitaka kumwambia," alisema. "Lilikuwa limefika mdomoni."

"Kuhusu matope?"

"Kuhusu matope." Alifunga kitenge vizuri. "Nikamkumbuka mama."

Tukarudi nyumbani, akaenda kumwogesha mtoto.